Jinsi ya Kuzuru Mapango ya Kanheri Bila Kuyaona

Uko Mumbai. Umemsindikiza mjomba hospitali, au umefuata mzigo wa vitambaa na vipuri, au umemaliza mitihani na tiketi ya kurudi ni ya wiki ijayo. Majibu ya vipimo yatatoka keshokutwa, mwenye duka hapokei simu, na nyumbani wanauliza kila jioni: "Enhe, huko India umeona nini?" Huwezi kuwajibu kwamba umeona lifti ya hospitali na foleni ya kubadilisha fedha. Unahitaji kitu kikubwa, cha kale, chenye msitu na sanamu, na kisicho mbali na kituo cha treni.

Kipo. Kinaitwa Kanheri. Ni mapango zaidi ya mia moja yaliyochongwa kwa mikono ya watu kwenye kilima cha mawe meusi ya volkano, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 100 uliobanwa na maghorofa ya Mumbai. Watawa wa Kibudha walianza kukaa humo karibu karne ya 1 kabla ya Kristo, na kazi ya kuchonga, kupanua na kupamba ikaendelea kwa miaka ipatayo elfu moja.

Wewe utaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sogea karibu, nikunong'oneze.

Hatua ya 1: Chagua siku

Jumatatu hifadhi hufungwa. Kwa mvivu wa daraja la kwanza, hiyo ndiyo siku yenyewe. Nenda hadi langoni, piga picha ukiwa na uso wa huzuni, rudi zako. Ukiulizwa, sema, "Nilifika, ila nilikuta pamefungwa." Hakuna neno la uongo hapo, na hakuna ngazi uliyopanda.

Lakini mimi nakutakia makubwa zaidi. Nenda siku nyingine, na ukiweza uende kati ya Juni na Septemba, wakati wa mvua. Maji huporomoka kando ya mapango, msitu huwa kijani mpaka macho yauma, na ngazi za mawe huteleza vizuri sana. Nasema vizuri kwa sababu ngazi inayoteleza ni kisingizio halali. "Ningepanda juu, lakini utelezi ule! Nina watoto mimi." Nani atakulaumu?

Tena utakuwa umefuata desturi ya wenyeji wa kale. Mtawa wa Kibudha alitakiwa kuzunguka nchi nzima, isipokuwa majira ya mvua, ambapo aliagizwa atulie mahali pamoja kwa miezi mitatu. Mapango ya namna hii yalimfaa kwa mapumziko hayo. Ukikaa chini ya mwamba usifanye lolote mvua ikinyesha, hujazembea. Unafuata kanuni.

Hatua ya 2: Fika bila kuchoka, lakini uonekane umechoka

Panda treni ya njia ya Magharibi, shuka Borivali, tokea upande wa mashariki, chukua bajaji hadi lango la hifadhi. Hapo lipa kiingilio. Usitupe mawazo yako yote kwenye tiketi hiyo, kwa sababu huko mbele, kwenye mapango yenyewe, Idara ya Akiolojia ya India inakusubiri na tiketi yake, na mgeni hulipa mara nyingi zaidi ya mwananchi. Lipa ukitabasamu. Anayelalamikia kiingilio hukumbukwa na mlinzi, na wewe hutaki kukumbukwa. Utapita tena hapo baada ya muda mfupi mno.

Toka langoni hadi mapangoni ni kilomita 6 hivi za msituni. Wapo wanaotembea. Wapo wanaokodi baiskeli. Wewe panda basi. Ukishuka, kabla ya picha ya kwanza, jimwagie maji kidogo mgongoni na kwenye paji la uso. Fungua kifungo kimoja cha shati. Shika kiuno. Sasa piga.

Onyo moja. Njiani utashawishiwa kuingia kwenye safari ya simba, ambapo watu huzungushwa ndani ya basi lenye nondo madirishani. Pita hapo kama hujasikia. Mtu wa kutoka Tanzania au Kenya aliyelipa nauli ya ndege kwenda India kuangalia simba, habari zake zitatangulia kufika nyumbani, na hazitamwacha mpaka kaburini.

Hatua ya 3: Tumia msitu

Msitu huu una makumi ya chui. Chui wa kweli, wasiofugwa, katikati ya jiji la watu zaidi ya milioni 12. Kwa kawaida hutembea usiku na hawana haja na wewe, kwa hiyo hutawaona. Usiseme umewaona. Anayesema amemwona chui huombwa picha. Sema hivi: "Tulipokuwa tunapanda, kuna kitu kilipita." Kisha nyamaza. Msikilizaji atamchora chui mwenyewe, tena mkubwa kuliko ambaye ungethubutu kumtaja.

Halafu jifunze mti mmoja tu, mtiki. Una majani mapana, makavu, yanayopiga kelele ukiyakanyaga. Upo mwingi humu, maana hapa ni kwao. Ile mitiki ya mashamba ya Longuza na Mtibwa asili yake ni upande huu wa dunia. Mguse mmoja shina na useme, "Huyu tunamjua." Wenzako watadhani una shamba.

Mwisho, kariri karvi. Ni kichaka cha chini chenye maua ya zambarau, na huchanua mara moja kila miaka 8. Mwaka 2016 vilima hivi vilifunikwa na zambarau. Karvi ni zawadi kwa mtu kama wewe, kwa sababu miaka saba kati ya minane unaweza kusema kwa masikitiko makubwa kwamba umekosa kitu ambacho hata hivyo hakikuwapo.

Hatua ya 4: Kubali kuibiwa na kima

Kima wa Kanheri wanajua mlio wa mfuko wa biskuti kuliko watawa walivyojua kengele. Kuwalisha ni kosa ndani ya hifadhi, usiwalishe. Lakini kuibiwa si kulisha. Beba ndizi mbili mahali panapoonekana kidogo, tembea ukiwa na mawazo, acha mambo yaende. Kima mmoja wa kiume mwenye meno mazuri atakupa simulizi itakayodumu kuliko sanamu kumi.

Chupa na plastiki, rudi navyo mjini. Tapeli mwenye heshima zake hachafui mahali anapotapelia.

Hatua ya 5: Shika idadi moja na usiiachie

Utaulizwa mapango ni mangapi. Hapa ndipo wageni waaminifu huaibika, kwa sababu wanajaribu kuhesabu. Huwezi kuhesabu. Kuna vyumba vikubwa, kuna vijitundu vya mtawa mmoja, kuna mapango yaliyoporomoka ukuta yakawa kitu kimoja, kuna mengine yaliyoanzwa yakaachwa. Hata vitabu vinatofautiana. Kimoja kitakuambia 101, kingine 109, na kipo kitakachozidi hapo.

Chagua 109. Inapendeza kwa sababu si namba ya kukadiria, na namba isiyo ya kukadiria humfanya msemaji aonekane amehesabu. Mwenzako akisema ni 101, mtazame kwa upole: "Hizo ni hesabu za zamani."

Hatua ya 6: Anzia kwenye kushindwa kwa wenzako

Pango la 1 liko karibu na mahali pa kuingilia, kwa hiyo halina gharama. Lilipangwa liwe ukumbi wa ghorofa mbili. Halikuisha. Limebaki na nguzo mbili nene mbele, na nyuma yake hakuna cha maana.

Simama hapo kwa muda mrefu kuliko unavyotaka. Wageni wa kawaida hulipita mbio kuelekea kwenye sanamu, na wewe ukionekana unalitazama kwa makini, watakuhesabu mjuzi. Akitokea wa kukuuliza, mweleze namna mapango haya yalivyochongwa. Mafundi walianzia juu, darini, wakashuka kuelekea sakafuni, bila haja ya kupanga majukwaa ya mbao. Waliumaliza uso wa juu kwanza, kisha nguzo, kisha sakafu. Kwa hiyo ukikuta pango lenye dari laini na sakafu iliyojaa mawe, ujue fedha za mfadhili ziliishia kiunoni.

Sentensi hiyo ya mwisho nakupa bure. Itumie popote, Kanheri au kwenye nyumba ya shemeji.

Hatua ya 7: Ingia Pango la 3, ndilo pekee

Kama una miguu ya pango moja tu, iweke hapa. Kwenye baraza, kulia na kushoto, wamesimama Buddha wawili wa mawe, kila mmoja karibu mita 7 kwenda juu, wakitazamana. Ndani kuna ukumbi wa ibada wenye urefu wa mita 26 hivi, nguzo 34, na mwisho wake stupa, kuba zima la mwamba lililochongwa hapo hapo lilipokuwa. Dari limepinda kama la jengo la mbao, na zamani lilikuwa na mbavu za mbao kweli. Waliochonga walikuwa wanaiga kwa jiwe nyumba za miti walizozizoea.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pesa ilipo. Kila mgeni atasema sanamu zile ni nzuri. Wewe usiseme. Wewe zikunjie uso kidogo, kisha sema: "Hizi ni za baadaye." Utakuwa umesema kweli. Ukumbi ni wa karne ya 2 baada ya Kristo, enzi za mfalme Yajna Sri Satakarni wa ukoo wa Satavahana, na maandishi mlangoni yanawataja ndugu wawili wafanyabiashara walioanzisha ujenzi. Sanamu kubwa za Buddha ziliongezwa karne kadhaa mbele, karibu ya 5 na ya 6. Hapo mwanzo Buddha hakuchongwa kwa sura ya mtu. Stupa ilitosha kusema yupo. Maneno manne tu, "hizi ni za baadaye," na kundi zima litaanza kukufuata.

Wakikufuata, wapeleke kwenye ukuta wa mbele wa ukumbi, penye wanaume na wanawake waliochongwa wawili wawili. Wamenona. Wamevaa bangili hadi kwenye kiwiko, hereni nzito, vilemba vya gharama, na wanatabasamu. Wataalamu huwahesabu kuwa wafadhili. Huhitaji kueleza zaidi. Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria harambee anaitambua hiyo sura.

Adabu ni chache lakini zifuate, hata katika kudanganya. Ukizunguka stupa, zunguka ukiwa umeielekezea mkono wa kulia. Usiipande. Usikae mapajani kwa sanamu. Wapo watu ambao kwao hapa bado ni mahali pa ibada, na uvivu wako hauna haja ya kumkosea mtu.

Hatua ya 8: Jina lako utaliweka wapi?

Tusidanganyane. Umekuja ili ijulikane kwamba umekuja. Usione haya, uko kwenye kundi kubwa. Kuta za Kanheri zimejaa maandishi ya hati ya Kibrahmi, na mengi yanasema jambo lile lile. Fulani bin fulani, mfanyabiashara wa mji fulani, ametoa pango hili na tangi la maji. Kwetu nako mtu akitoa tangi la maji, jina lake huandikwa kubwa kuliko tangi.

Wengine walitoka Kalyan, wengine Sopara, miji ya bandari ya wakati ule. Sopara ni Nalasopara ya leo, vituo vichache mbele ya Borivali kwenye njia ile ile uliyopanda asubuhi. Miji hii miwili imo kwenye Periplus, kitabu cha karne ya 1 cha mfanyabiashara wa Kigiriki asiyejulikana jina, kitabu hicho hicho kinachoitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu, ambalo mahali pake bado panabishaniwa. Sema hayo ukiwa umeegemea nguzo. Ongeza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo sisi na hawa hatukuanza jana." Usieleze zaidi. Pepo za kusi na kaskazi zitakumalizia.

Wafadhili wengine walikuwa wajanja zaidi. Hawakutoa pango, walitoa mapato. Maandishi yapo ya mtu aliyeweka wakfu shamba lake ili mazao yake yawanunulie watawa nguo. Shamba moja lilikuwa kwenye kijiji ambacho leo ni Magathane, mtaa wa Borivali. Ukipita hapo ukirudi stesheni, utaona maghorofa yamepandwa badala ya mpunga.

Baadaye walikuja waliokuwa hawana cha kutoa ila jina. Kwenye Pango la 90, Wazoroasta waliopita mwaka 1009, na wengine mwaka 1021, waliandika majina yao ukutani kwa Kipahlavi, Kiajemi cha zamani. Ni wa jamii ya Waparsi, ambamo alitoka Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa 1946. Wakati huo mapango yalikuwa tayari ya kale, na hawa walikuwa watalii wenzako. Kule Ajanta, kwenye mapango mengine ya Kibudha, mwaka 1819, askari Mwingereza John Smith alifuata uwindaji akaangukia mapango yaliyosahauliwa, na jambo aliloona linafaa kufanywa mbele ya michoro ya Kibudha ya karne nyingi ni kuchora jina lake na tarehe juu yake.

Wewe usithubutu. Ukiandika mwaka 1009, mwanahistoria atakushukuru. Ukiandika leo, sheria ya India ya 1958 ya kulinda mabaki ya kale, kama ilivyorekebishwa 2010, inakupa kifungo cha hadi miaka 2, au faini ya hadi rupia laki moja, au vyote viwili. Piga picha, weka stetasi, washa alama ya mahali. Itafutika baada ya saa 24, nalo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa picha yenyewe umeipiga ukiwa umefumba jicho moja.

Hatua ya 9: Taja mapango usiyoyaona

Juu ya Pango la 3 kilima kinaendelea, na ngazi zilizokatwa kwenye mwamba zinapanda, zinagawanyika, zinapotea. Usipande. Kariri orodha hii badala yake.

Pango la 11. Ukumbi mpana wenye majukwaa mawili marefu ya mawe yaliyoinuka kidogo kutoka sakafuni. Wengine husema hapa ni pa mikutano, wengine ni pa kulia chakula. Chagua chakula, watu watakuelewa haraka. Karne ya 9 alikuja mfadhili kutoka Gauda, upande wa Bengal, ng'ambo nyingine ya India, akaacha fedha na jina.

Pango la 34. Darini kuna mchoro wa Buddha ambao haukumalizika. Sema, "Rangi walikuwa nazo, muda ndio hawakuwa nao."

Pango la 41. Avalokiteshvara, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, mwenye vichwa kumi na kimoja, sanamu nadra sana India. Usiseme ni vichwa kumi. Watu hukamatwa hapo.

Pango la 90. Avalokiteshvara tena, safari hii akiwaokoa watu kwenye hatari nane: simba, tembo, nyoka, moto, wezi, gereza, shetani, na jahazi linalozama. Waliolipia mapango haya walikuwa na mali baharini, na mtu mwenye shehena juu ya maji huikumbuka dini mapema. Hiyo ndiyo sanamu ya kuisifu mbele ya bibi wa Pwani.

Ukiona orodha ni ndefu, jifunze kwa mzee wetu. Wareno waliokuja kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593 walikuwa wameshakitawala kisiwa cha Salsette, yaliko mapango haya, tangu miaka ya 1530. Mwandishi wao, Diogo do Couto, anasimulia habari za Padre António do Porto, Mfransisko, aliyeambiwa na wenyeji kwamba chini ya Kanheri kuna njia ya siri inayokwenda hadi Cambay, mamia ya kilomita kaskazini. Padre akachukua watu ishirini wenye silaha, chakula, maji na kamba, akaingia. Wakatembea siku saba. Hawakuuona mwisho, chakula kikapungua, wakageuza.

Tazama jinsi alivyoshindwa kwa heshima. Hakufika Cambay, hakuthibitisha njia, hakukanusha njia, na bado jina lake linasomwa miaka zaidi ya mia nne baadaye. Huyo ndiye mlezi wa kazi yetu. Ukiona umechoka kwenye ngazi ya tatu, mkumbuke yeye, geuza.

Hatua ya 10: Jihadhari na maji

Nimekutayarisha kwa kima, utelezi na wajuaji. Iliyobaki ni hatari ambayo huwapoteza wavivu wengi wazuri, nayo ni mifereji.

Kando ya karibu kila pango kuna shimo la mraba mlangoni, limefunikwa nusu na mwamba. Ni tangi. Ukiinama utaona maji, na ukitazama juu kidogo utaona mfereji mwembamba uliokatwa kwenye jiwe, unaoleta mvua kutoka pango la juu yake. Na lile la juu lina tangi lake na mfereji wake. Kilima kizima kilipangwa hivyo, ili mvua ya miezi minne ikusanywe itoshe watawa kwa miezi minane ya ukame. Hakuna pampu, hakuna bomba, ni mteremko tu uliopimwa na mtu aliyejua maji yanataka kwenda wapi.

Nakuomba usiufuate mfereji hata mmoja. Najua watu walivyoharibika. Mtu anaanza kwa kusema atauona tu unapotokea, anapanda ngazi tano, anakuta tangi jingine, anajiuliza hili nalo limejazwa na nini, anapanda tena. Anapita chumba chenye kitanda cha jiwe kilichoachwa na fundi wakati wa kuchimba, upana wa mtu mmoja mwembamba, anajaribu kulala, anaona kinamtosha. Anazidi kupanda. Anafika penye masalio ya stupa ndogo za matofali zilizojengwa kwa ajili ya watawa waliofariki, kisha anatokea mgongoni mwa kilima, msitu chini yake na jiji ng'ambo. Amekosa basi la saa sita, hana picha hata moja, shati limelowa kwa jasho la haki, na nyumbani hataweza kusimulia vizuri kwa sababu hatajua aanzie wapi. Mtu kama huyo tumeshampoteza.

Hatua ya 11: Nyumbani

Sema kidogo. Aliyefika kweli husita, kwa hiyo nawe sita. Ukiulizwa Kanheri kukoje, shusha pumzi, tazama dari, sema, "Walianzia juu." Acha watu wasubiri. Kisha mlete kima.

Usilete vitu vya kuonyesha, sanamu ya plasta iliyonunuliwa stesheni humwumbua mnunuzi. Leta tu kumbukumbu ya tiketi mbili, ukilalamika kwa mbali kwamba mgeni analipishwa sana. Malalamiko ya bei ndiyo ushahidi ambao hakuna anayeutilia shaka.

Siku moja, harusini au kwenye kijiwe cha kahawa, utakutana na mtu aliyefika. Usibabaike. Muulize wewe kwanza: "Uliona mapango mangapi?" Atasema kama thelathini hivi. Msikitikie. "Aa. Kwa hiyo hukupanda juu." Kama ni muungwana, atageuza mazungumzo yaende kwenye mpira.

Lakini akikukazia macho na kusema ameyaona yote, mia moja na tisa, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho, usibishane naye. Huyo ni mwenzako. Mwongezee kahawa, msogezee sahani ya kashata, na umwambie hata wewe uliyahesabu yakaja hayo hayo.